Madini Yaliyogunduliwa Yana Thamani Gani?

Kila inapotangazwa kwamba kampuni fulani imegundua madini, mafuta au gesi, katika nchi yetu au katika nchi ya jirani, swali la wananchi huwa moja tu: ni fedha kiasi gani? Na jawabu haikawii. Hutajwa mabilioni ya dola, nayo hupita kutoka redioni hadi barazani na kutoka barazani hadi sokoni, na kabla ya Ijumaa ya pili kila mwenye kupenda hesabu ameshayagawa kwa idadi ya watu na kulijua fungu lake. Sisi wa visiwani tunayo sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Serikali ya Mapinduzi ilipitisha sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016, ikatia saini mkataba wa mgawanyo na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar mwaka 2018, na mwaka 2024 ikafungua mnada wa vitalu vya baharini. Kwa hiyo tarakimu za namna hii si hadithi za mbali kwetu. Ni haki ya mwananchi kuuliza. Na kiongozi anayejibu ana wajibu wa kujua tarakimu aliyoitaja imetoka wapi, imehesabu nini na imeacha nini.

Tuanze na kitu tunachokijua sote. Mtu anayetaka kukodi mikarafuu ya mwenziwe huingia shambani kabla ya msimu, akatazama juu, akapita mti hadi mti, na kukisia pishi ngapi zitapatikana. Anaijua bei ya karafuu kavu inayotolewa na Shirika, lakini hamwambii mwenye shamba kwamba atamlipa bei hiyo kwa kila karafuu iliyo mtini. Anakumbuka kwanza kwamba kilo tatu za karafuu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Anatoa ujira wa wachumaji, chakula cha kambi, majamvi, usafiri. Anakumbuka matawi yasiyofikiwa na mvua inayoweza kushuka karafuu zikiwa uwanjani. Khalafu ndipo anapotaja bei, na mwenye shamba hashangai kwamba bei hiyo ni ndogo mno kuliko ile ya Shirika. Atakayeng'ang'ania kwamba kila tumba lililo mtini ni fedha kamili atachekwa hata na watoto wa skuli.

Ajabu ni kwamba watu hao hao ambao wangemcheka, tena wengine wasomi wenye shahada, yanapotajwa madini husahau kila walichokijua shambani. Huchukua uzito wa chuma kilichoko chini ya ardhi, wakakizidisha kwa bei ya London, wakatangaza kwamba huo ndio utajiri wa taifa.

Tutoe mfano wa kweli kutoka Bara. Huko Kabanga, wilayani Ngara katika Mkoa wa Kagera, kuna nikeli iliyojulikana tangu miaka ya 1970. Makampuni kadhaa yamepokezana eneo hilo, yakachoronga, yakapima, yakaondoka. Julai 2025, kampuni ya Lifezone Metals, mbia wa Serikali ya Muungano katika kampuni ya Tembo Nickel, ilitangaza upembuzi yakinifu. Kwa mujibu wa upembuzi huo, mbale inayoweza kuchimbwa kwa faida ni takriban tani milioni 52, na ndani yake nikeli ni karibu asilimia 2. Mwenye kupenda mabilioni atafanya hesabu haraka: asilimia 2 ya tani milioni 52 ni zaidi ya tani milioni moja za nikeli, na kwa bei iliyokuwapo katikati ya mwaka huo, karibu dola 15,000 kwa tani, hiyo ni zaidi ya dola bilioni 15, mbali na shaba na kobalti zilizomo humo humo. Hesabu hii haina kosa la kuzidisha. Lakini upembuzi wenyewe, ambao ulitumia bei ya juu kuliko hiyo, uliipa machimbo hayo yote thamani ya leo ya takriban dola bilioni 1.6 baada ya kodi. Yaani kama sehemu moja katika kumi.

Sehemu tisa zimekwenda wapi? Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watuvumilie kidogo, kwa kuwa bila ya kuijua njia hii mazungumzo yetu yote kuhusu utajiri wa ardhi na bahari yatabaki kuwa ya kubahatisha.

Kwanza, si kila kilichomo mwambani hutoka. Mwamba husagwa, madini yakatenganishwa kwa maji na dawa, na sehemu yake hubaki katika masalia yanayotupwa. Kinachopatikana Kabanga ni makinikia, si nikeli safi, na mwenye kiwanda cha kusafisha anayeyanunua halipi bei kamili ya chuma kilichomo, kwani naye ana gharama zake na faida yake. Pili, ili tani ya kwanza itoke, lazima zitangulie fedha: upembuzi ule ulitaja karibu dola milioni 940 za kujenga mgodi kabla ya kuuza chochote. Baada ya hapo, kila siku kuna mishahara, mafuta, umeme, baruti, pampu za kutoa maji chini, barabara, na safari ndefu ya kutoka Ngara hadi bandarini. Mwamba huo huo ungekuwa karibu na bandari ungekuwa na thamani nyingine kabisa. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa na kampuni ya AGIP ya Italia mwaka 1974, ikaonekana hailipi, na haikuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam hadi mwaka 2004, ulipokuwapo mtambo, bomba na mnunuzi. Kwa miaka thelathini gesi haikuongezeka wala haikupungua. Kilichobadilika ni mambo ya juu ya ardhi.

Tatu ni wakati, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Mgodi wa Kabanga umekisiwa kuchimbwa kwa miaka 18. Dola itakayopatikana mwaka wa kumi na nane si sawa na dola iliyomo mkononi leo. Wahesabuji wa migodi hukata punguzo la muda kila mwaka, na kwa punguzo la asilimia 8, dola ya mwaka wa kumi na nane huhesabiwa kuwa senti 25 tu. Kuna wanaodhani kwamba huu ni ujanja wa mabenki wa kuwapunja wanyonge. Ujanja wa mabenki upo, hatuukatai, na asilimia yenyewe ya punguzo ni jambo la kubishania mezani. Lakini hata mvuvi anayeambiwa kwamba samaki wake wa leo atalipwa mwaka wa kumi na nane atajua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba hajalipwa.

Nne ni bei. Mwanzoni mwa Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei ya nikeli katika soko la metali la London iliruka ndani ya muda mfupi hadi kupindukia dola 100,000 kwa tani, na tarehe 8 ya mwezi huo soko likasimamisha biashara na kuyafuta mauzo yaliyokwisha kufanywa. Miaka mitatu baadaye bei ilikuwa karibu dola 15,000, kwa sababu kubwa moja: Indonesia ilikuwa imemimina nikeli yake duniani. Aliyeithamini Kabanga asubuhi ile ya Machi angeutangazia ulimwengu utajiri wa ndoto. Na ndani ya ardhi ya Ngara haikuongezeka hata gramu moja.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tulifundishwa jambo ambalo wakati ule tulilihifadhi bila ya kulifahamu. Katika fiqhi ya Imamu Shafi, anayeokota rikazi, yaani hazina ya kale iliyozikwa na ambayo haikumtaabisha, hutoa moja katika tano. Lakini anayechimba dhahabu au fedha machimboni hutoa, kwa kauli yenye nguvu, moja katika arubaini tu. Mali ni ile ile na imetoka ardhini humo humo. Tofauti ni taabu na gharama ya kuitoa. Wanavyuoni walikuwa wameshaona kwamba mali haihesabiwi kwa uzito wake peke yake. Na ni hao hao waliokataza kumuuza samaki ambaye bado yumo baharini.

Basi yako majina ambayo kiongozi yeyote anayesimama mbele ya wananchi hana budi kuyatofautisha. Kuna rasilimali inayodhaniwa, ambayo imechorongwa mashimo machache, na katikati ya shimo na shimo mjiolojia amejaza kwa elimu yake na kwa matumaini yake. Kuna rasilimali iliyopimwa, ambayo mashimo yake ni ya karibu na mashaka yake ni kidogo. Na kuna akiba, ambayo ni ile sehemu tu iliyothibitishwa kwamba inaweza kuchimbwa na kuuzwa kwa faida baada ya gharama zote. Katika mafuta na gesi majina ni mengine, lakini ngazi ni zile zile, na kwa gesi iko ngazi ya chini zaidi, ambapo hakujachorongwa kisima hata kimoja na kinachotajwa kimesomwa katika picha za mitetemo ya chini ya bahari. Tarakimu ya ngazi ya chini kabisa huwa ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa hiyo ndiyo inayopendwa kutangazwa na kampuni yenye hisa za kuuza.

Hatusemi hivi kwa kudhania. Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Bre-X ilipata haki ya kutafuta dhahabu Busang, katika misitu ya Kalimantan Mashariki, upande wa Indonesia wa kisiwa kikubwa cha Borneo. Makisio yake yalipanda kila yalipotangazwa, na Februari 1997 yakafikia wakia milioni 71, ambazo ni zaidi ya tani 2,200 za dhahabu. Kwa bei ya wakati huo, karibu dola 350 kwa wakia, hizo zilikuwa takriban dola bilioni 25. Sokoni kampuni ilifikia thamani ya zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada, na haikuwa imeuza hata pete moja ya dhahabu. Mifuko ya pensheni ya walimu na ya watumishi wa umma ya huko ilinunua hisa zake.

Na Jakarta je? Jakarta walikuwa katika kugawana. Baada ya mvutano wa miezi ndani ya utawala wa Rais Suharto, mwezi huo huo wa Februari ilikubaliwa kwamba Bre-X ibaki na asilimia 45, makampuni ya Bob Hasan, rafiki wa Rais, yachukue 30, kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan 15, na Serikali 10. Tunaiangalia orodha hiyo na kujiuliza ni nani katika wakubwa wote wale aliyeuliza kama dhahabu ipo. Walioulizana walikuwa wakiulizana ni nani atapata ngapi.

Freeport ndiyo iliyouliza, kwa kuwa ilikuwa iweke fedha zake. Ilichoronga mashimo yake ubavuni mwa yale ya zamani. Tarehe 19 Machi 1997 mjiolojia Michael de Guzman wa Bre-X alianguka kutoka kwenye helikopta akifa, na siku saba baadaye Freeport ikatangaza kwamba dhahabu iliyoiona haikuwa na maana. Mwanzoni mwa Mei, wakaguzi wa Strathcona wakathibitisha kwamba Busang hakukuwa na machimbo ya kulipa: sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Chembe zake zilikuwa za mviringo kama za dhahabu ya mtoni, zilizosuguliwa na maji, ambapo zilipaswa kuwa na kingo kali za dhahabu iliyotoka mwambani. Na jambo lililouficha udanganyifu huo kwa miaka yote lilikuwa dogo mno. Ada ya kazi hii ni kwamba kila mche wa mwamba unaotoka shimoni hupasuliwa katikati. Nusu huenda maabara, na nusu huhifadhiwa ili mwingine naye aje apime. Bre-X walisaga mche mzima. Hapakuwa na nusu ya kurudia.

Msiba ule ndio uliozaa kanuni za Kanada za mwaka 2001, ambazo zinataka kila makisio ya madini yanayotangazwa yatiwe saini na mtaalamu anayejulikana kwa jina na anayeweza kushitakiwa. Kanuni hizo zinamlinda mnunuzi wa hisa wa Toronto. Mkulima wa Busang, au mvuvi wa Pemba, hakuwamo katika fikra za waliozitunga. Ulinzi wake yeye ni Serikali yake.

Nasi katika Jamhuri yetu tumekwisha kuonja uchungu wa kutokuwa na kipimo chetu. Mei 2017 kamati ya Profesa Mruma ilichunguza makontena 277 ya makinikia yaliyozuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam na kukisia kuwa dhahabu iliyomo ni tani 7.8, ambapo kumbukumbu zilizokuwa zikitumiwa zilionesha tani 1.2. Kampuni ya Acacia ikakanusha. Likafuata dai la kodi la dola bilioni 190, na mwisho wa mazungumzo na kampuni mama ya Barrick ukawa malipo ya dola milioni 300 pamoja na hisa za asilimia 16 za Serikali katika kampuni mpya ya Twiga. Hisa hizo ni ushindi wa kweli na tunaupongeza. Lakini baina ya bilioni 190 na milioni 300 kuna pengo ambalo halijazwi na uzalendo peke yake. Linajazwa na maabara, mizani, na vijana wetu waliosomeshwa kusoma vipimo na kuvitetea mbele ya yeyote.

Kuna watakaotuambia kwamba makisio yakizidi hakuna aliyeumia, maana ni maneno tu. Na waitazame Msumbiji. Tangu mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi mno katika bonde la Ruvuma, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya dola yalikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa dhamana ya Serikali, kwa ajili ya meli za uvuvi na ulinzi wa pwani, na mabenki yalitoa kwa moyo mweupe kwa sababu kila mtu alikuwa akiitazama gesi. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo Bunge halikuijua. Ilipofichuka Aprili 2016 wafadhili walisitisha misaada ya bajeti, sarafu ikaporomoka, na bei ya mkate ikapanda kwa mtu wa Maputo ambaye hajapata kuiona gesi. Mwaka 2017 vita vikaanza Cabo Delgado. Mwaka 2021 mradi mkubwa wa nchi kavu wa TotalEnergies ukasimamishwa baada ya shambulio la Palma. Meli ya kwanza ya gesi iliyoyeyushwa iliondoka Msumbiji Novemba 2022, kutoka mtambo mwingine unaoelea baharini. Deni lilikuwa limeitangulia kwa miaka tisa.

Hili ndilo linalotutia wasiwasi, wala si tarakimu zenyewe. Tarakimu kubwa ikishasemwa jukwaani huanza kufanya kazi. Kijana huacha dema na nyavu akangoja ajira ya kampuni. Mwenye kiwanja karibu na ufukwe hukiuza kwa anayejua zaidi yake, au hukatalia bei ya haki akingoja isiyokuja. Na mtendaji Wizarani, akiandika mpango wa miaka mitano, hushawishika kuweka katika safu ya mapato fedha ambazo bado zimo chini ya bahari.

Tunapendekeza kwa hiyo mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kampuni yoyote itakayotangaza ugunduzi katika ardhi au bahari yetu itakiwe kusema, katika tangazo lile lile na kwa Kiswahili, ni ngazi gani ya makisio inayoizungumzia, mashimo au visima vingapi vimechorongwa, na ni nani aliyetia saini. Kila inapotajwa thamani ya kilichomo ardhini, itajwe pamoja nayo gharama ya kukitoa, bei iliyotumika katika hesabu, na fungu la Serikali mwaka hadi mwaka, ili Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi aweze kulisoma fungu hilo mbele ya waliomchagua. Nusu ya kila mche wa mwamba, na nakala ya kila kipimo cha kisima na cha mitetemo, viwekwe mikononi mwetu, katika ghala lenye kufuli na daftari, siku ile ile kinapochukuliwa wala si baada ya mkataba kwisha. Na masheha wa shehia za pwani waelezwe mapema tofauti ya kutafuta na kupata, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa.

Ghala hilo halihitaji kuwa kubwa. Chumba kikavu, rafu za mbao, na karani mmoja mwaminifu anayejua kuandika namba ya shimo na kina chake vingetosha kuanzia.